Mzee wa Koki Hakusahau

Jumanne asubuhi nilikuwa namwogesha mwanangu kwenye beseni uani. Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta, akasema bila hata salamu, "Mama, umesikia? Mzee wa koki hayupo tena." Nikamuuliza hayupo ameenda wapi. Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Amefariki, mama. Hospitali, asubuhi hii hii. Presha." Kisha akashuka, maana alikuwa amesimama juu ya ndoo, nami nikabaki na mtoto mwenye povu kichwani analia, sijui nimsuuze kwanza au nilie naye. Nilimsuuza. Mtoto hangoji msiba.

Mnaonisoma kila wiki mmezoea kunikuta nikigomba, mara takataka, mara walimu, mara wanaume wanaokojoa kwenye kuta za watu. Leo pia nagomba. Tofauti ni kwamba wa kugombezwa ni mimi, na nitaeleza kwa nini, ila mnivumilie kwanza nimzungumzie marehemu.

Jina lake silitaji, kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu, na kusema kweli wengi wetu hapa mtaani, upande huu wa Kiseke, hatukulijua. Tulimwita mzee wa koki, ikatosha. Hakuwa mwajiriwa wa ofisi yoyote. Zamani, kabla mimi sijaolewa huku, mlima ukiwa na nyumba chache, wakazi waliamua kuvuta maji wenyewe. Walichimba kwa zamu, kila nyumba ikitoa mtu mmoja na sururu, na yeye akawaongoza kwa sababu ujanani aliwahi kufanya kazi ya mabomba kiwandani. Anayeijua Mwanza anajua kuchimba huku ni kazi gani. Ni mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamekaa juu ya mawe mengine makubwa kuliko hayo, na katikati ndimo tunamojibana na watoto wetu. Bomba haliendi unakotaka wewe, linaenda jiwe linakoruhusu. Kwa hiyo bomba letu lilipinda likazunguka, likapita chini ya miti ya mtu, likapenya kati ya majabali mawili, ndipo likapanda juu. Hakuna aliyechora. Ramani nzima ilikaa kichwani mwa mtu mmoja wa darasa la saba. Ukimwona anapita na chuma chake kirefu chenye mkono wa kukingama juu, kile cha kuzungushia koki zilizofukiwa, ulijua leo kuna watu wanapata maji, na ulijua ni akina nani.

Baadaye watu wakajaa, maji yakapungua nguvu, yakaacha kupanda. Bomba likakauka miaka na miaka. Ukikaa mlangoni kwangu unaliona ziwa lote, jeupe, limetanda mpaka macho yanachoka, halafu unageuka kutazama ndoo yako, kavu. Mimi nimebeba mimba tumboni na dumu kichwani kwa wakati mmoja, nikapanda nalo mawe yale nikishikilia nyasi. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha faida ya mradi wa maji. Naijua kwa shingo.

Mradi ulipokuja, ulikuja kweli. Chanzo kipya ziwani, mtambo wa kusafisha maji, matangi makubwa juu ya milima, mabomba ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusimama ndani yake. Kwenye mtaa wetu wahandisi waliona kwamba njia mpya haiwezekani bila kulipua mawe katikati ya nyumba za watu. Wakaamua kufuata njia ile ile ya bomba la zamani, kubadilisha viungo vilivyochakaa, na kufungua koki zilizofungwa. Wakamfuata mzee. Siku hiyo nilikuwepo, mtaa mzima tulikuwepo, maana kwetu mtu akishika sururu tu tayari ni mkutano. Mhandisi alikuwa kijana, kofia ngumu kichwani, kompyuta ndogo mkononi.

"Mzee, kwenye mchoro wetu hapa hakuna kitu," akasema.

"Mchoro wako umezaliwa lini?"

"Mwaka huu, mzee."

"Basi uuambie uliamkie bomba langu. Lenyewe lina wajukuu."

Watu wakaangua kicheko, na mhandisi mwenyewe akacheka. Mzee akamtuma mtu akagonge bomba kwa jiwe kule chini lilikoachwa wazi. Akachomeka chuma chake ardhini, akaweka sikio juu yake, akafumba macho. Akasogea hatua mbili, akachomeka tena. "Chimbeni hapa. Polepole, kuna tii." Wakachimba. Wakakuta kiungo cha njia tatu, tii kama alivyosema, kimejaa kutu lakini kipo. Yule kijana akavua kofia. "Shikamoo, mzee," akasema, ingawa alikuwa ameshamwamkia asubuhi. "Marahaba. Sasa andika," mzee akajibu. Na kijana akaandika.

Niseme jambo hapa, maana wapo watu wakisikia habari ya miradi mikubwa wanakunja midomo. Mimi simo kwenye kundi hilo. Mji huu unakua kwa kasi, Buhongwa niliyoiona nikiwa mwanafunzi ilikuwa mashamba, leo ni nyumba juu ya nyumba, na huku Ilemela hata majabali yamepata wapangaji. Mji wa namna hii huwezi kuuendesha kwa visima vya ndoo na kamba. Nakumbuka mama yangu alivyokuwa akingoja kivuko kwenda ng'ambo kwa dada yake, anakaa juu ya mzigo wake tangu asubuhi, jua limpige, mvua imnyeshee, na mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa naye anangoja pale pale. Sasa kuna daraja. Nimevuka juu ya maji yale nikiwa na mtoto mwenye homa, nikafika kabla hajaamka. Anayesema daraja ni zege tu hajawahi kungoja. Lakini nimejifunza pia kwamba kazi hizi kubwa hazikwami pale tunapodhani. Wataalamu wanaweza kuyatoa maji ziwani, wakayasukuma mpaka kileleni, halafu yakagota kwenye uwanja wa mtu mmoja. Mtaro wa mvua unajengwa kwa mawe yaliyochongwa vizuri, sisi tunaujaza maganda ya miwa, kisha tunalaani serikali maji yakiingia sebuleni. Barabara inapimwa, mtu anasogeza ukuta wake usiku wa kuamkia kazi. Kila mtu anautaka mradi, na kila mtu anataka upite kwa jirani.

Sasa nije kwenye uwanja wenyewe ambapo maji yaligota. Ni wa kwangu.

Nilipokuwa na mimba tuliongeza chumba mbele ya nyumba. Nyuma hatuwezi, ni jabali. Pembeni hatuwezi, ni jabali jingine. Sehemu pekee tambarare ni ile ya katikati ya majabali mawili, na hapo palikuwa na chemba kuukuu, shimo dogo lililojengewa kwa matofali, lina mfuniko wa chuma ulioliwa na kutu. Fundi akauliza, "Hii chemba vipi?" Mume wangu akanitazama. Bomba lilikuwa limekauka tangu kabla ya ndoa yetu, na hakuna aliyewaza kwamba litafufuka. Nikasema, "Limekufa hilo, mwaga zege." Aliyesema mwaga ni mimi. Mume wangu nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, na yeye kaniambia niandike hivyo hivyo.

Mradi uliposogea kwetu, mwanangu alikuwa na wiki chache. Siku moja kabla wahandisi hawajafika upande wetu, mzee alitangulia peke yake.

"Hodi, mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma chake.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amelala humo."

Akaingia mpaka kizingitini mwa chumba kipya. Akaitazama sakafu, akaigonga taratibu kwa ncha ya chuma chake, mara mbili, kama anabisha hodi kwa mtu aliyeko chini. "Amelala juu ya koki," akasema.

Nilijua alichosema. Nilijua tangu siku ile wanafukua tii, nilipoona bomba limeelekea kwangu. Ile ndiyo ilikuwa koki iliyogawa maji ya chini na maji ya juu, na ilikuwa imefungwa tangu bomba lilipokauka. Isipofunguliwa, nyumba zote zilizo juu yangu hazitapata hata tone, na huko juu kuna zahanati. Nikaanza kumsihi. Nilimwambia chumba kile kingine kinavuja, kwamba sijapona vizuri, kwamba wakileta nyundo zao humu nitampeleka wapi mtoto. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli.

"Mayu, hao wa juu nao wana watoto."

"Najua, mzee."

"Unajua." Akaegemea chuma chake. "Haya, sikiliza. Kwetu mzazi hasumbuliwi. Mimi siwezi kuleta watu na nyundo kwenye kitanda cha mzazi, hata koki ingekuwa ya dhahabu. Mtoto akianza kutambaa, utakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa ukaseme. Si mimi. Wewe."

Nikamwambia nitakwenda. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akaondoka.

Kesho yake wahandisi walipofika, mzee alizunguka nao mlimani mchana kutwa akichomeka chuma huku na huko, mbali na kwangu, kisha akakaa juu ya jiwe akasema, "Hapa pamenipotea. Nimesahau." Mtu aliyelijua bomba lile kama vidole vyake. Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee kaisha." Mwingine akamwuliza kama anakumbuka alikozaliwa. Yeye akapangusa udongo kwenye chuma chake. Mimi nilikuwa dirishani na mtoto mkononi, nasikia kila neno. Maji yakaja mpaka kwangu, safi, yana nguvu, tukapiga vigelegele, na hapo hapo yakaishia. Wahandisi wakasema watarudi koki ikipatikana, wakahamia mtaa mwingine, maana mji ni mkubwa na kazi ni nyingi. Wanawake wa juu wakaanza kushuka na ndoo kuja kuchota bombani kwangu. Nikawachotea. Walinishukuru. Hebu fikirini hilo, walinishukuru.

Baada ya hapo kila nilipokutana na mzee aliniuliza swali moja. "Mtoto anatambaa?" Basi. Hakuwahi kutaja koki, hakuwahi kukunja uso. Mara ya kwanza nilijibu, "Bado, mzee," na ilikuwa kweli. Mara ya pili mtoto alikuwa ameanza kujikokota kwa tumbo, nikajiambia huko si kutambaa. Mara ya tatu alikuwa anatambaa mpaka anapanda juu ya kizingiti, anakula mchanga, nami nikamtazama mzee wa watu usoni nikasema, "Bado." Nilikuwa nimeshaogopa. Si sakafu tena. Niliogopa kuulizwa, siku zote hizi ulikuwa wapi? Uongo wa wiki moja unaelezeka. Wa miezi unaona aibu hata kuuanza.

Mara ya mwisho tulikutana njiani nikitoka kliniki. Mwanangu alikuwa anatembea, kanishika kidole, anayumba kama mlevi, anafurahia viatu vyake. Mzee akasimama. Alimtazama mtoto, miguu, viatu, kisha akanitazama mimi.

"Ameshatembea," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya."

Akapita. Afadhali angenitukana.

Msibani nilikaa na kina mama tukimenya ndizi. Wa juu walikuwepo karibu wote. "Sasa sisi ndiyo basi," mmoja akasema, mama wa mapacha ambaye kila siku hupanda mawe yale mtoto mmoja mgongoni, ndoo kichwani, na mtoto wa pili kamwachia mama mkwe. "Aliyekuwa akijua amekufa."

"Alikuwa akijua nini?" mwenzake akamkata. "Alishasahau zamani. Mnamsingizia marehemu akili."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kitenge. Mwenyekiti aliposimama kutoa wasifu alisema vizuri tu, kwamba marehemu alikuwa hazina ya mtaa, kwamba alitusaidia sana, na kwamba tusimlaumu kwa yale ya mwishoni, uzee ni ugonjwa wa wote. Watu wakaitikia kwa huruma. Mimi nilikuwa na kisu mkononi na damu ilinichemka mpaka nikajikata. Niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia mwenyekiti, nikawakasirikia waliocheka, na nitasema lisilosemwa juu ya maiti, nilimkasirikia na marehemu pia. Kwa nini alikubali kuitwa aliyeishiwa akili kwa ajili ya sakafu yangu? Nani alimwomba? Kisha nikakumbuka kwamba niliyemwomba ni mimi.

Sikusimama. Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama pale pale mbele ya jeneza, lakini sikusimama. Mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Magu, turubai likashushwa, nami nikarudi nyumbani kupika. Siku ya tatu ndipo nilipombeba mwanangu nikaenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia, koki iko chini ya chumba changu, nimejua siku zote, na mzee alijua. Akanywa chai yake mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo hakusahau?" Nikasema hakusahau kitu. Akaweka kikombe chini, akasema, "Na mimi nimesimama mbele ya watu nikasema vile." Akapiga simu.

Ijumaa wakaja. Yule mhandisi kijana mwenyewe, kofia ile ile. Nilikuwa nimeshatoa kitanda na kila kitu. Walikata sakafu kwa mashine, vumbi likajaa nyumba nzima, na jirani yangu akapanda juu ya ndoo yake kutazama. "Mficha uchi hazai," akanipigia kelele kutoka ukutani. Nikamwambia mimi nimezaa na nimeficha, ashuke aje kunisaidia kufagia. Akashuka, akaja na fagio. Walipofika kwenye chemba walikuta koki imeshikana na kutu, ikabidi waing'oe na kuweka mpya, na bomba la pale likabadilishwa kipande kizima. Jioni kabla jua halijazama tukasikia kelele za juu, watu wanaita, masufuria yanagongwa.

Mama wa mapacha alishuka kesho yake, mara hii bila ndoo. Alisimama mlangoni akitazama shimo kwenye chumba changu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanichotea maji siku zote hizo."

"Nikakuchotea."

Akachungulia shimo tena. Sikumwomba msamaha, maana niliona ningekuwa namwongezea mzigo mwingine wa kubeba. Mwishowe akasema, "Tulimcheka sana yule mzee," akageuka akapanda zake. Hatujawa marafiki na sidhani kama tutakuwa. Hiyo ni haki yake.

Mwenyekiti sasa amewaita wazee waliochimba zamani, wale waliobaki, wazunguke mlimani na wahandisi na kila kitu kiandikwe. Kumbe kwenye mtaa wetu peke yake wamepatikana wengine wawili wenye chemba chini ya nyumba, mmoja chini ya jiko, mmoja chini ya banda la kuku, na wote walikuwa kimya kama mimi. Sijui milima mingine. Ninachojua ni kwamba hakuna mtambo uwezao kusukuma maji yapite kwa mtu aliyeamua kunyamaza. Ukiwa mmoja wetu, inuka leo ukaseme, usingoje mtoto atambae, na hasa usimwachie mtu mwingine akubebee aibu yako kwa kuwa yeye ni mpole na ana tabia ya kustahi watu. Mimi nimepita nyumba kwa nyumba, chini na juu, nikimsafisha mzee wangu. Nimewaambia wote kwamba akili yake ilikuwa timamu mpaka siku ya mwisho, na wote wamenielewa. Wamenielewa vizuri sana. Ila yule mzee, niliyepaswa kwenda kumwambia kwamba nimeshasema, ameshazikwa Magu.